Nilikuwa Mpuliza Dawa

Kwa miaka kadhaa riziki yangu ilitokana na kuua nyuki. Sisemi hili kwa kujionyesha, wala sitaki kuhurumiwa. Nililipwa kwa kazi hiyo, niliipenda, na usiku nililala usingizi mzuri. Nikikuficha hilo, yanayofuata hayatakufaa kitu, hasa kama wewe nawe uko pale nilipokuwa mimi.

Nimezaliwa Gazi, pwani ya kusini mwa Mombasa. Baba alikuwa mkata boriti. Kwetu mikoko haikuwa msitu wa kutembelea, ilikuwa ghala, na kila mti ulikuwa na jina na bei yake. Mkoko na mkandaa kwa boriti za nyumba, muia kwa nguzo, mkomafi kwa fundi seremala, mlilana kwa mataruma ya mashua. Mchu ulikuwa mti wa mwisho kuulizwa. Boriti yake haikuwa na soko la maana, kwa hiyo ulikatwa kuni, na kuni zikaenda kuchoma chokaa. Wazee walitusimulia jinsi miaka ya 1970 sehemu za hori la Gazi zilivyofyekwa kwa kuni za viwandani hadi tope likabaki wazi. Mimi nilipopata akili tope lilikuwa wazi tayari, nikadhani ndivyo Mungu alivyoliumba.

Nilipokuwa kijana, watafiti wa taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari, akiwamo Dk. James Kairo, walikuwa wakipanda mikoko upya pale kwetu. Nami nilipanda. Nilipanda kwa ajili ya posho, na nilipolipwa nikaondoka bila kugeuka nyuma.

Nyuki tuliwajua kwa moto. Michu iliyozeeka huwa na mapango kwenye shina, na nyuki huyapenda. Baba akiona kundi alifunga kijinga cha makuti makavu, akawachoma, akatoa masega. Sisi watoto tulitakiwa kukimbia mapema. Siku moja nilichelewa, nikaumwa usoni na shingoni mpaka macho yakafumba. Tangu hapo niliwaogopa nyuki, na hofu ile taratibu ikawa chuki. Wakati huohuo chuoni nilikuwa nimehifadhi Surat An-Nahl, sura yenye jina la nyuki, na niliisoma kwa sauti ambayo mwalimu aliisifu. Sikuwahi kuona kwamba nyuki wa kwenye sura na nyuki wa kwenye mchu ni wamoja.

Nikiwa mtu mzima nilihamia Sydney, Australia, pamoja na mke na mtoto mchanga. Nilianza kwa kuosha vyombo, kisha nikapakia mizigo kwenye maghala ya Silverwater, kisha rafiki akanipeleka kwenye kampuni ya kuua wadudu. Nilifundishwa mende, panya, buibui na mchwa. Kuanzia Septemba, huko majira yakiwa yanageuka joto, zilianza simu za nyuki.

Nyuki wakijaa mzingani hugawanyika. Malkia mzee huondoka na sehemu kubwa ya kundi, wakatua kwenye tawi au ukuta kwa muda, huku wapelelezi wakitafuta pango. Nyumba za zamani za Auburn na Lidcombe ni za matofali mawili yenye uwazi katikati, na ukutani zina matundu ya hewa. Kwa nyuki hakuna pango zuri kuliko hilo. Nilifika jioni, wakati wote wamerudi nyumbani. Nilivaa suti, nikachomeka mrija kwenye tundu, nikapuliza unga wa permethrini. Kazi iliyobaki waliifanya wao wenyewe, kwa kuukanyaga unga na kuupeleka ndani hadi kwa malkia na majana. Mvumo ulipanda ghafla, halafu ukashuka. Niliipenda ile sauti ikishuka. Ilikuwa na maana ya malipo ya ziada.

Maelekezo ya dawa yalisema kiota kitolewe, au tundu lizibwe kabisa. Mwenye nyumba hakutaka kulipia kuvunja ukuta, nami sikutaka kubishana naye. Nilibandika kadi yangu mlangoni nikaondoka. Ndani ya ukuta yalibaki masega, asali na majana, vyote vikiwa na sumu, bila mlinzi hata mmoja.

Mojawapo ya maeneo yangu ya kazi lilikuwa Wentworth Point, ghorofa mpya zilizojengwa kando ya Homebush Bay. Ghuba ile ina historia chafu. Kiwanda cha Union Carbide kilichokuwa upande wa Rhodes kilitengeneza dawa za kuua magugu, na sumu ya daioksini ikaingia kwenye matope. Hadi leo watu wanashauriwa wasile samaki waliovuliwa magharibi ya daraja kuu la Sydney. Lakini katikati ya uchafu huo, nyuma ya Bicentennial Park iliyofunguliwa mwaka 1988 juu ya ardhi iliyokuwa ikitupwa taka, umesimama msitu wa mikoko unaoitwa Badu, mmojawapo wa misitu mikubwa ya mikoko iliyobaki kwenye mto Parramatta. Kuna njia ya mbao inayopita ndani yake. Uwanja ambao Noah Ngeny alimwacha nyuma Hicham El Guerrouj katika mita 1500 za Olimpiki mwaka 2000 uko karibu kiasi cha kwenda kwa miguu, na nakiri kuwa mara ya kwanza nilikwenda kule kuutazama uwanja, si mikoko.

Nilipokanyaga ile njia ya mbao nilisimama. Mizizi ya kupumulia ilikuwa imechomoza kwenye tope kila upande. Jani lilikuwa kijani juu na la kijivujivu chini, na nilipolilamba lilikuwa na chumvi. Ulikuwa mchu. Sisemi unafanana na mchu: ni mchu wenyewe, ule ambao wataalamu wanauita Avicennia marina Gazi na Sydney vilevile. Nilikaa pale nikalia kidogo kwa kupakumbuka nyumbani. Kuanzia siku ile nikawa nakula chakula changu cha mchana Badu kila nilipopangiwa kazi upande huo.

Sasa angalia upofu wa mtu. Nilikaa chini ya michu iliyochanua, nyuki wakivuma juu ya kichwa changu, mkebe wa dawa ukiwa ndani ya gari, na jioni nikaenda kupuliza ukuta ulioko umbali ambao nyuki huruka akitafuta chakula. Nilifanya hivyo kiangazi baada ya kiangazi. Niliupenda mti nikawaua wanaouzalisha, na moyo haukunidunda.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Kimalta mwenye mizinga nyuma ya nyumba yake, upande wa magharibi ya jiji. Alinipigia simu kwa namba iliyokuwa kwenye kadi yangu. Nilidhani ni mteja. Nilipofika hakunionyesha ukuta. Alinipeleka uani, akanionyesha nyasi zilizokuwa mbele ya mizinga yake. Zilikuwa nyeusi kwa nyuki waliokufa. Aliokota mmoja akamweka kwenye kiganja changu. Ulimi ulikuwa umetoka nje. Nyuki akifa kwa sumu, akanieleza, mara nyingi hufa hivyo.

Kisha akaniuliza, bila kupandisha sauti, kama ni mimi niliyepuliza ile nyumba ya mtaa wa pili. Nikasema ndiyo. Akanieleza jambo ambalo katika mafunzo yangu yote sikuambiwa, au niliambiwa nikalipitia juu juu. Asali isiyo na walinzi hunusiwa kutoka mbali. Nyuki wa mizinga mingine huja kuipora, wakaibeba pamoja na sumu yake, wakaipeleka kwao na kuwalisha majana. Kundi moja nililoliua ukutani lilikuwa limeua mawili ya kwake, na hakuna ajuaye ni mangapi mengine kwenye mapango ya miti.

Angeweza kunishtaki. Ushahidi alikuwa nao, na kadi yangu alikuwa nayo mfukoni. Badala yake aliniletea chai, akaweka mezani chupa ya asali ya msimu uliopita, akaniambia nirudi Jumamosi kama nataka kuona mzinga ulio hai ukifunguliwa. Sikuomba msamaha siku ile. Nilikunywa chai, nikachukua chupa, nikaondoka nimekasirika, na nilikasirika zaidi kwa kuwa sikujua nimkasirikie nani.

Jumamosi nilikwenda. Mpaka leo siwezi kueleza kwa nini. Alinipa suti yake ya akiba, akawasha bomba la moshi, akafungua. Mikono ilinitetemeka mpaka akaniambia niishike ile fremu kwa vidole vyote. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuwatazama nyuki bila kijinga wala mrija mkononi. Nikaona mmoja akirudi na chavua miguuni, mwingine akimpokea mbochi mdomoni, wengine wakisimama mlangoni wakipepea kwa mabawa.

Baada ya mwaka mpya, joto likiwa kali, mzee alinipeleka mahali alipoona nitapenda. Hakujua kwamba napajua: Badu. Michu ilikuwa imechanua. Maua yake ni madogo, yana rangi kati ya njano na chungwa, na mtu anaweza kupita chini yake maisha yake yote asiyaone. Mimi nilikuwa nimefanya hivyo. Nikamwambia kwa majivuno kwamba mti huu ni wa kwetu, baba yangu aliukata. Akafurahi sana, akaniuliza: je, kwenu, nani huuchavusha?

Sikuwa na jibu. Mtoto wa mkata boriti, niliyeweza kutaja matumizi ya kila mti wa hori, nilikuwa sijawahi kujiuliza kile kibegu kilichokuwa kikidondoka majini na kuota topeni kilitoka wapi. Swali lile lilinikaa kooni kuliko nyuki wote waliokufa kwenye nyasi.

Usiku nilimpigia kaka yangu Gazi. Alicheka sana. Akaniambia wao siku hizi wanatundika mizinga humo humo mikokoni, tena wanatafuta palipo na michu, kwa sababu mchu ndio unaoleta nyuki. Na kuna faida nyingine: mwenye shoka hupaogopa penye mizinga. Nilijua habari za Mikoko Pamoja, ule mradi wa Gazi na Makongeni ulioanza mwaka 2013 wa kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko, uliopata Tuzo ya Ikweta mwaka 2017. Nilijivunia nikiwa Sydney kana kwamba nilikuwa na sehemu ndani yake. Habari za mizinga sikuwa nazo, kwa kuwa sikuwahi kuuliza.

Nikaanza kusoma, polepole, kwa Kiingereza changu cha maghala. Nilijifunza kwamba si mikoko yote inamtegemea nyuki kwa kiasi kile kile. Mkoko wenye mizizi ya magongo huachia chavua yake upepo kwa sehemu kubwa. Mlilana hufungua maua usiku na kungojea popo. Muia una ndege wake. Mchu unahitaji wadudu. Ua lake kwanza hutoa chavua, na sehemu ya kike hukomaa baadaye, kwa hiyo mtu wa kubeba chavua kutoka ua hadi ua, na kutoka mti hadi mti, lazima awepo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wollongong, kusini ya Sydney, walichapisha utafiti kuhusu nani hasa anafanya kazi hiyo kwenye mikoko ya upande huu wa Australia. Walikuta wadudu wengi wanaotembelea maua, lakini mchavushaji wa kweli, anayehamisha chavua ikafika inakotakiwa, alikuwa nyuki wa asali. Mwaka 2017 wakaandika tena, safari hii kuhusu vijisitu vya mikoko vilivyokatika vipande ndani ya miji. Penye vipande vidogo nyuki walifika kwa uchache, matunda yakapungua, na miche mipya ikapungua.

Nilisoma hilo nikiwa ndani ya gari la kampuni, nimeegesha kando ya mto, na kilichobaki cha sandwichi sikukimaliza. Mikoko ya Homebush inashika tope ambalo hakuna mtu anayetaka litibuliwe. Samaki wadogo hukulia kwenye mizizi yake. Ndege hulala juu yake. Kuna meli kuukuu iliyoachwa pale, SS Ayrfield, ambayo michu imeota ndani yake ikafurika nje ya chuma, na watu hupanga foleni kuipiga picha. Yote hayo huanza na mdudu anayetoka kwenye pango la mti, au kwenye uwazi wa ukuta wa mtu, kwenda kutafuta mbochi.

Ningependa kukuambia kwamba niliacha kazi kesho yake. Sikuacha. Kodi ya nyumba ilikuwa inangoja, na watoto sasa walikuwa wawili. Nilipuliza msimu mzima uliofuata. Jumamosi nilikuwa kwa mzee najifunza kutunza nyuki, Jumatatu nilikuwa ukutani nawaua, na alipouliza kama kampuni bado inanipa kazi za nyuki nilimjibu kwamba siku hizi ni mchwa tu. Nilimdanganya mtu aliyenisamehe kabla sijaomba.

Nilikuwa na hoja zangu. Ipo hadithi inayojulikana inayokataza kuua wanyama wanne: sisimizi, nyuki, hudihudi na ndege mwingine mmoja. Niliijua tangu chuoni. Nilijiambia kwamba hiyo ni kwa nyuki wasiodhuru, na hawa wanaingia nyumba za watu wenye watoto. Hoja ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ilinifaa kwa muda mrefu. Lakini siku moja, baada ya swala ya Ijumaa pale Msikiti wa Auburn Gallipoli, nikiwa natafuta viatu vyangu, nilitambua kwamba sikuwahi hata mara moja kumwambia mwenye nyumba kwamba kuna watu wanaoweza kuwatoa wakiwa hai. Sikuwa nikichagua dharura. Nilikuwa nikichagua hundi.

Hata hivyo aliyemaliza jambo ni mke wangu. Nilikuwa na suti mbili nyeupe, moja ya kuulia na moja ya kufugia, na nilikuwa nimemsisitizia asizifue pamoja, maana sumu ya hii ingeingia ile. Akatoka nje na kapu, akaniambia: "Baba Rehema, suti zako zinanichosha. Chagua moja." Nikaomba likizo bila malipo, na sikurudi. Sasa naendesha basi. Mshahara ulipungua, na kwa muda tuliishi kwa kubana. Mzee nilimweleza uongo wangu. Alisema alikuwa akijua, kwa sababu mizinga yake ilikuwa imepoteza nyuki tena mwaka ule. Hakuongeza neno. Akanipa kundi moja liwe langu, akanisaidia kujaza fomu za kusajiliwa, maana New South Wales huwezi kufuga nyuki wa asali bila kusajiliwa.

Nifungue mabano hapa, kwa sababu huenda umeshaanza kuuliza. Nyuki wa asali si wa Australia. Waliletwa Sydney kwa meli mwaka 1822. Mwaka 2002 jimbo lenyewe liliorodhesha ushindani wa nyuki wa asali wa porini kuwa tishio kwa viumbe wa asili, kwa kuwa hushika mapango ya miti ambayo kasuku na wanyama wadogo huyahitaji. Nchi hii ina nyuki wake. Kuna nyuki wadogo wasiouma, jamaa wa wale wetu, na kuna wenye mistari ya buluu tumboni ambao hulitikisa ua kwa mvumo mpaka limwage chavua. Basi nilitubu kosa gani, ikiwa niliua mgeni msumbufu? Nilihangaika na swali hili. Jibu nililofikia ni la mtu wa kawaida: mchu wa Sydney leo unaishi kwa kazi ya mgeni huyo, na anayemwondoa bila kujua nani atashika nafasi yake hafanyi uhifadhi. Wapo wanaopenda kunitania kwamba mimi mhamiaji namtetea nyuki mhamiaji. Nawaacha wacheke. Mimi sichavushi kitu.

Na hata kupuliza kuna kupuliza. Kule Homebush kila kiangazi helikopta hupita juu ya mabwawa ya chumvi kumwaga dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi vya mbu na haimgusi nyuki. Nikiwa mtu wa kazi hiyo zamani, naiheshimu. Kuna mtu aliketi akajiuliza dawa yake itamfika nani.

Juni 2022 utitiri wa Varroa uligunduliwa kwenye mizinga ya bandari ya Newcastle, kaskazini ya Sydney. Australia ilikuwa imeukwepa miaka mingi wakati dunia nyingine inahangaika nao. Ukaja mkakati wa kuufuta: mizinga iliyokuwa karibu na maambukizi iliteketezwa, ya porini ikawekewa chambo chenye sumu, na jimbo zima likazuiwa kuhamisha nyuki. Maelfu ya mizinga ilikwenda. Mzee alikaa mbele ya televisheni akiwatazama wafugaji wenzake wakilia, nami nilikaa kando yake nikijua sauti ya mzinga unaokufa ilivyo. Septemba 2023 serikali ilikubali kwamba utitiri hauwezi kufutwa tena, na kila mfugaji akaachiwa apambane.

Maana yake kwa mikoko sikuielewa mara moja. Utitiri hunyonya nyuki na majana na kuwaachia virusi, na kundi lisilotibiwa kwa kawaida hufa ndani ya miaka michache. Makundi ya mitini na ukutani, yale niliyokuwa nikiyaua kwa malipo, hayana wa kuyatibu. Kwingineko utitiri ulikoingia, nyuki wa asali wa porini walianguka kwa wingi. Kwa hiyo mchu wa mto Parramatta unaweza kujikuta unategemea nyuki wenye wenyewe: mizinga michache ya watu wenye mchezo huu wa Jumamosi. Nilichokuwa nikifanya kwa mrija, utitiri sasa unakifanya bure, na mimi ndiye niliyebaki upande wa pili.

Mwaka uliopita simu yangu ya zamani ililia. Alikuwa mama wa Kilebanoni wa Auburn ambaye ukuta wake niliupuliza siku nyingi zilizopita. Nyuki walikuwa wamerudi mahali pale pale, kwa kuwa harufu ya nta kuukuu huwaita. Alitaka nije na ile dawa yangu, maana "ilifanya kazi vizuri." Nikamwambia ukweli, kwamba haikufanya kazi vizuri, na nikamweleza kilichobaki ndani ya ukuta wake. Nilitegemea anikatie simu. Akaniuliza kama nitakuwa na njaa nikimaliza.

Tulivunja matofali mimi na mzee, yeye akiketi kwenye kiti akinielekeza, kwa kuwa mgongo wake haunyanyui tena. Nyuma ya masega mapya meupe yalikuwa yamebaki yale ya zamani, meusi, yamekauka, na chini yake vumbi la nyuki wangu. Nyuki wapya walikuwa wameyakwepa, wakajenga pembeni. Nilikata masega yenye majana, nikayafunga kwenye fremu kwa uzi, nikamtafuta malkia mpaka jua likazama. Yule mama alituletea wali na dengu, na hakunidai fedha yake ya mwanzo ingawa nilimtolea.

Kundi lile liko kwa mzee sasa. Nilipolipima nililikuta na utitiri, nikaweka vipande vya dawa katikati ya fremu, na bado nalipima. Baadhi ya makundi yetu yalikufa kabla hatujajifunza vizuri. Kazi hii haina mwisho, na siku nyingine nikirudi kutoka zamu ya basi sina hamu ya kuvaa suti. Nyuki wakinizonga usoni bado hofu ya utotoni hupanda, nikasimama nikavuta pumzi, halafu nikaendelea.

Kuna kijisitu kimoja cha michu chini ya mto, kipande chembamba kati ya ukuta wa mawe na maegesho ya magari. Kiangazi kilichopita nilisimama pale wakati wa maua, nikangoja muda mrefu, nikaona nyuki wachache sana. Mimi na mzee tumeandika barua kuomba kuweka mizinga miwili karibu nacho. Wahusika wamejibu kwamba ombi linaangaliwa, na wameuliza maswali ya haki kuhusu watu wanaopita na watoto wenye mzio. Tumewajibu, tunangoja. Kaka yangu akipiga simu kutoka Gazi huniuliza kwanza habari za ruhusa hiyo, kabla hata ya watoto. Namwambia bado. Yeye ameongeza mizinga mitatu upande wa michu mirefu, na anasema kama Sydney ni mbali na karatasi ni nyingi, nirudi nimsaidie kurina.